Kabla ya Kupanda Chombo: Namna ya Kuandaa Timu ya Raga ya Shule kwa Ziara

Timu ya raga ya shule ikialikwa kucheza nje ya mji, watu huanza kwa kuulizana habari za nauli. Nauli ni muhimu, lakini kuna swali linaloitangulia: je, kila mtoto atakayesafiri ameshafundishwa kukaba, kukabwa na kuanguka bila kuumia? Kama jibu ni hapana, hata nauli ikipatikana yote, timu hiyo bado haijawa tayari kuondoka.

Makala hii ni ya walimu, maprefe wa masomo, wazazi na wachezaji wa komini ya Kabondo, mojawapo ya komini 6 za mji wa Kisangani pamoja na Makiso, Tshopo, Mangobo, Lubunga na Kisangani yenyewe. Hapa kwetu mpira wa miguu ndio unaojaza viwanja. Mtoto wa Kabondo hujifunza kupiga mpira kwa mguu tangu hajaanza shule, kwa kuwatazama kaka zake uani. Raga hakuitazama mahali popote. Anachokijua kuhusu mchezo huo ni kile tu alichofundishwa na kocha wake, na kocha akiruka hatua moja, hakuna mwingine wa kuijaza. Ndiyo maana bidii ya maandalizi kwetu ina uzito zaidi kuliko mahali ambapo raga imezoeleka.

Na tuelewane tangu mwanzo kuhusu bidii. Kumkimbiza mtoto juani mpaka aanguke si bidii. Bidii ni kufuata mpango kila juma bila kukwepa, kurudia jambo dogo mpaka likae mwilini, na kuwa na moyo wa kumwambia mtoto hodari kwamba bado hajawa tayari.

Jirani zetu wanavyofanya

Nchini Kenya raga ya shule ina ngazi zake. Timu huanza na mechi za karibu na nyumbani, zinazoshinda hupanda hadi kaunti, kisha kanda, kisha taifa. Zinazofika juu kabisa ndizo huenda kwenye michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, inayosimamiwa na shirikisho la FEASSSA. Mwaka 2023 michezo hiyo ilifanyika Huye, Rwanda, na mwaka 2024 ilifanyika Uganda. Kwa hiyo kijana anayevuka mpaka na mfuko wake begani amekwisha kucheza mechi nyingi ambazo baada yake alirudi kulala kwao. Safari ndefu kwake ni ngazi ya mwisho.

Mpangilio wa namna hiyo una matunda. Tarehe 17 Aprili 2016 timu ya Kenya ya wachezaji saba iliifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore na kutwaa kombe lake la kwanza la mfululizo wa dunia. Nchi yetu nayo ina watoto wenye kipaji: Madosh Tambwe, aliyezaliwa Kinshasa, amecheza raga ya kulipwa Afrika Kusini na Ufaransa. Tena tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mashindano ya jirani yametusogelea.

Kabondo inaweza kujijengea ngazi zake. Ziara ya kwanza iwe ndani ya Kisangani: timu iende kucheza Mangobo au Tshopo, irudi jioni. Ya pili iwe ya kulala usiku mmoja au miwili, kwa mfano Yangambi, umbali wa takriban kilomita 100 kufuata mto. Safari za mikoa mingine au nchi jirani zisubiri mpaka ngazi hizi mbili zipandwe bila tatizo.

Anzeni na raga ya wachezaji saba

Raga ya wachezaji 15 inahitaji watu wengi, hasa wale wa mstari wa mbele wa skramu, pale pande mbili zinaposukumana kwa mabega, ambao shingo zao lazima ziwe zimefundishwa kwa muda mrefu. Raga ya saba ina wachezaji 7 uwanjani na 5 wa akiba. Mechi ni vipindi viwili vya dakika 7, na mapumziko yasiyozidi dakika 2. Skramu yake ni ya watu watatu kila upande. Ndiyo raga inayochezwa katika Olimpiki tangu Rio mwaka 2016, kwa wanaume na kwa wanawake.

Hesabu ya safari nayo inakuwa nyepesi: wachezaji 12, makocha 2, mtu mmoja anayejua huduma ya kwanza, na mama mlezi mmoja. Jumla ni watu 16. Kama kuna wasichana katika msafara, mama mlezi ni lazima, na malazi yao yawe na mlango wao na choo chao.

Shule ikichagua raga ya 15, ifuate sheria za walio chini ya miaka 19: kila kipindi ni dakika 35, na skramu hairuhusiwi kusukumwa zaidi ya mita 1.5. Mwamuzi na kocha wa upande wa pili wakubaliane juu ya hayo kabla ya siku ya mechi.

Mpango wa majuma 8

Mazoezi matatu kwa juma yanatosha, kila moja saa moja na nusu. Mji wetu uko karibu kabisa na Ikweta, na jua la mchana ni kali mwaka mzima. Fanyeni mazoezi saa 12 asubuhi, au kuanzia saa 10 jioni na kumaliza kabla giza halijaingia.

*Juma la 1 na la 2: mwili na ardhi.* Hakuna kugongana. Watoto wakimbie mbio fupi za kurudia, wafanye mazoezi ya miguu, tumbo, mabega na shingo, na wajifunze pasi. Katika raga mpira wa mkononi hautupwi mbele, na mazoea ya kupasia pembeni au nyuma huchukua muda kuingia. Ndipo wajifunze kuanguka: kwanza kutoka magotini, kidevu kimebanwa kifuani, mpira umekumbatiwa kwa mikono yote miwili, mwili ukifikia ardhi kwa paja, nyonga, kisha bega. Asiyejua kuanguka atanyoosha mkono kujizuia, na mkono ulionyooshwa ndio unaovunjika.

*Juma la 3 na la 4: kukaba.* Hili ni somo linalojitegemea, na limeelezwa hapa chini.

*Juma la 5: kazi ya pamoja.* Kumsaidia mwenzako aliyeangushwa, kuulinda mpira ulio chini, kujipanga upya kwa ulinzi, na skramu ya watu watatu kwa wale waliofundishwa tu.

*Juma la 6: mechi za majaribio.* Gaweni timu katika pande mbili, au iiteni timu ya jirani. Awepo mwamuzi mwenye filimbi na anayejua sheria. Hapa ndipo kocha anaona nani anasahau aliyofundishwa pindi anapokasirika.

*Juma la 7: jaribio la safari.* Chagueni siku moja nzima. Wote wakutane shuleni kwa saa iliyopangwa, waitwe majina, wabebe mifuko yao, maji yao na chakula chao, wavuke mji mpaka uwanja wa mbali, wacheze mechi mbili fupi, warudi. Mtaona bidoni isiyotosha, daluga zilizosahaulika, mtoto anayetapika garini, na mlezi asiyesikilizwa. Yote hayo yanarekebishika mkiwa bado nyumbani.

*Juma la 8: kupunguza.* Mazoezi mawili mepesi, usingizi wa kutosha, karatasi zote mezani. Kocha anayeongeza mazoezi magumu siku mbili kabla ya kuondoka anasafirisha watoto waliochoka.

Sheria moja isiwe na mjadala: aliyekosa mazoezi ya kukaba hachezi mechi ya kukabana, hata akiwa ndiye mwenye mbio kuliko wote. Anaweza kusafiri kama mshika vifaa akiwa na adabu, lakini uwanjani haingii.

Somo la kukaba, hatua kwa hatua

Kukaba ni kumshika mwenye mpira kwa mikono na kumwangusha. Ndilo tendo linaloumiza wengi katika raga, na wanaoumia ni pamoja na wanaokaba wenyewe, hasa wanapoweka kichwa mahali pasipofaa. Kwa hiyo lifundisheni polepole.

Hatua ya kwanza, wote wawili wako magotini kwenye majani laini. Mwenye mpira anatambaa kupita kando ya mkabaji. Mkabaji anatazama nyonga za mwenzake, kwa sababu mikono na macho ya mtu hudanganya lakini nyonga huenda anakokwenda. Analisogeza bega lake hadi kwenye paja la mwenzake. Kichwa kinakaa upande wa nyuma, shavu likigusa kalio, na hakipiti kamwe mbele ya magoti. Mikono inazunguka mapaja yote mawili na kubana, kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Anaendelea kusukuma kwa miguu mpaka mwenzake aanguke, naye aangukie juu yake.

Hatua ya pili, mwenye mpira anatembea na mkabaji yuko goti moja chini. Hatua ya tatu, wote wanatembea. Ya nne, wanakimbia nusu mwendo. Mbio kamili ni ya mwisho, tena ndani ya eneo dogo ili wasipate nafasi ndefu ya kushika kasi. Kila hatua ifanywe kwa bega la kulia na la kushoto. Mtoto akikosea mahali pa kichwa, arudishwe hatua moja nyuma bila kufokewa.

Sheria ya mchezo inakataza kukaba juu ya mstari wa mabega. Ninyi fundisheni chini zaidi: kiuno na mapaja. Wagaweni wawili wawili kwa uzito na nguvu zinazokaribiana, kwa sababu katika darasa moja unaweza kuwa na kijana wa kilo 40 na mwingine wa kilo 75.

Msiingie moja kwa moja kwenye mchezo. Kuna programu ya kupasha mwili iitwayo Activate, iliyoandaliwa kwa ajili ya raga ya vijana, ya takriban dakika 20: kukimbia na kubadili mwelekeo, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua vizuri, na mazoezi ya shingo ambapo mwenzako anasukuma kichwa chako kwa kiganja nawe unakizuia kisisogee. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath waliijaribu katika shule za England, na mwaka 2017 walitangaza kwamba timu zilizoifanya angalau mara tatu kwa juma zilipunguza majeraha ya mechi kwa asilimia 72 na mitikisiko ya ubongo kwa asilimia 59. Haihitaji mashine wala fedha. Inahitaji kocha asiyeiruka siku ambayo watoto wanalia wapewe mpira.

Kichwa kikigongwa

Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauna damu wala uvimbe, na mtoto anaweza kuupata bila kuzimia. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kuona ukungu, kusahau matokeo au jina la mpinzani, kuyumba, kutapika, au tabia kubadilika ghafla. Ukiona dalili hata moja, mtoe. Asirudi siku hiyo hata akiapa kuwa yuko sawa, na hata kama ni fainali.

Akitapika mara kwa mara, akizidi kusinzia, akishikwa na degedege, akilalamika shingo, au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe hospitali mara moja. Anayelalamika shingo asiinuliwe kwa kuvutwa mikono. Alale kichwa kikiwa kimeshikwa kisitikisike mpaka msaada ufike. Baadaye apumzike angalau majuma matatu kabla ya kurudi kwenye mechi, arejee hatua kwa hatua, na mganga atoe ruhusa. Mkiwa ziarani, mlezi amwamshe na kumchunguza usiku, na wazazi wapigiwe simu siku hiyohiyo.

Afya: waulizeni wazazi mapema

Mwanzoni mwa mpango, mwalimu azungumze na mzazi wa kila mchezaji kwa faragha. Maswali ni haya:

1. Je, mtoto ana ugonjwa wa SS, yaani selimundu, au kuna ndugu yake mwenye SS? Kongo ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi wa ugonjwa huo duniani. Mwenye SS asicheze raga. Hata mwenye chembe moja tu ya urithi ya ugonjwa huo anaweza kudhurika akikimbizwa sana kwenye joto bila maji, kwa hiyo mganga aulizwe kwanza.
2. Je, ana pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo? Anatumia dawa gani, na nani ataibeba?
3. Je, amewahi kuzimia akicheza, au kugongwa kichwani karibuni?
4. Je, ana kadi ya chanjo ya homa ya manjano na chanjo ya pepopunda?

Karibu na safari, wapelekeni wachezaji kupimwa katika kituo cha afya cha zone ya afya ya Kabondo. Mwenye homa apimwe malaria, asipewe dawa kwa kubahatisha. Ngozi nayo ikaguliwe. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya afya ya kimataifa, na wakati huo nchi yetu ndiyo iliyokuwa imeathirika zaidi. Ugonjwa huo huambukizwa kwa ngozi kugusana, nayo raga ni mchezo wa ngozi kugusana. Mtoto mwenye vipele au malengelenge yasiyojulikana chanzo chake asishiriki mazoezi mpaka aonwe na mganga. Taulo, jezi na kinga ya meno haviazimwi.

Katika mfuko wa huduma ya kwanza wekeni glavu, bandeji pana na nyembamba, shashi, sabuni, dawa ya kusafisha vidonda, mkasi, paracetamol, kipimajoto, vyandarua, na majina pamoja na namba za simu za wazazi. Kifundo cha mguu kikiteguka, mtoto apumzike, mguu ufungwe kwa bandeji bila kubanwa mno, uinuliwe na upozwe kwa barafu. Umeme ukikatika na barafu ikakosekana, kitambaa kilicholoweshwa maji ya baridi kinasaidia.

Maji na chakula

Pangeni lita 4 za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa siku ya mechi. Kwa watu 16 ni lita 64: bidoni 3 za lita 20 hazitoshi, chukueni 4. Maji ya mto au kisima yachemshwe au yatiwe dawa. Kipindupindu kimeshapita mara nyingi kwenye vijiji na miji ya kando ya mto wetu, na timu nzima inaweza kulala kwa sababu ya kopo moja. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, bila ubaguzi wa kapteni wala kocha.

Mtoto akiharisha, changanyeni lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogokidogo huku akipelekwa kituo cha afya.

Kuhusu chakula, hakuna haja ya kununua vitu vya dukani. Lituma, wali, makemba, viazi vitamu na kwanga vinatoa nguvu ya kukimbia. Maharagi, samaki, mayai na karanga vinajenga mwili. Sombe na matunda viwepo kila siku. Chakula kizito kiliwe saa 3 au 4 kabla ya mechi. Ikibaki saa moja, ndizi moja inatosha. Siku ya safari si siku ya kujaribu chakula kipya.

Uwanja na mbingu

Kabla ya kila mazoezi, wachezaji wapange mstari mmoja na kutembea uwanja mzima wakiokota chupa, mawe na misumari. Mkitaka kusafisha kiwanja kipya, waulizeni wazee wa mtaa kwanza. Wakati wa Vita vya Siku Sita vya Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalirushiana maelfu ya makombora ndani ya mji huu, na mabaki yake yameendelea kupatikana ardhini miaka mingi baadaye. Mtoto akiona chuma asichokijua, asikiguse wala asikitupie jiwe. Amwite mtu mzima, naye atoe taarifa kwa ofisi ya komini.

Ngurumo ikisikika, mechi isimame. Wote waingie ndani ya jengo au gari, wasijifiche chini ya miti. Subirini dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Njia, chombo na karatasi

Mwezi Septemba 2025 mashua ilizama katika eneo la Basankusu, mkoa wa Équateur. Zaidi ya watu 80 walikufa, wengi wao wanafunzi. Kila mwalimu anayepanga safari ya mto na aufikirie msiba huo kabla ya kulipa. Msipande baleniere iliyojaa kupita kiasi, hata mkiwa mmechelewa. Msisafiri usiku. Kila mtoto avae jile la kuokolea lililofungwa, na si kulikalia. Orodha ya majina ibaki bandarini na nyingine shuleni. Chombo kisipokuwa na majile, tafuteni kingine.

Kwa barabara, ulizeni hali ya usalama wiki ileile ya kuondoka, kwa ofisi za serikali na kwa madereva waliotoka huko karibuni. Tangu 2023 ugomvi wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umewahamisha watu wengi upande wa Lubunga na Ubundu. Njia iliyokuwa salama mwaka jana iulizwe upya mwaka huu.

Karatasi za kubeba ni hizi: barua ya mwaliko; hati ya misheni yenye saini na muhuri wa shule; barua ya kuzijulisha ofisi za elimu; kadi ya mwanafunzi ya kila mchezaji; kadi ya chanjo; na ruhusa ya mzazi. Ruhusa hiyo iandike jina la mtoto, mahali anapokwenda, tarehe ya kuondoka na kurudi, jina la mwalimu mwenye dhamana, na idhini ya kutibiwa kwa dharura. Tengenezeni nakala mbili za kila karatasi. Kwenye bandari na viwanja vya ndege mtaulizwa na maofisa wa uhamiaji wa DGM, na watoto wasiokuwa na karatasi huchelewesha kundi lote. Kwa safari ya nje ya nchi, anzeni habari za pasipoti miezi mingi kabla.

Fedha bila manung'uniko

Wazazi wengi wa sekondari tayari wanabeba karo. Wasishtukizwe na mchango mkubwa wa mwisho. Itisheni mkutano juma la kwanza, mwandike makadirio ubaoni kwa mistari: usafiri wa kwenda na kurudi, chakula, malazi, maji, dawa, na akiba ya dharura. Akiba iwe angalau sehemu moja kwa kumi ya jumla. Kisha gawanyeni kwa majuma, kama mama zetu wanavyofanya katika likelemba, kila mmoja akitoa kidogo kwa siku inayojulikana. Daftari liwe mikononi mwa mzazi na fedha mikononi mwa mwingine, na hesabu isomwe mbele ya wote kila juma la pili. Fedha ya kurudi itengwe kabla ya kuondoka na isiguswe.

Mtoto aliyefanya mazoezi yote asiachwe kwa sababu baba yake hana franka. Jadilini jambo hilo mapema, kimyakimya, bila kumtaja mbele ya wenzake.

Mwandaeni pia mpinzani

Hapa kwetu timu ni chache, na shule inayowaalika inaweza kuwa na hamu kubwa kuliko mafunzo. Kucheza na vijana wasiojua kukaba ni hatari kwao na kwenu. Mpigieni simu kocha wao juma la 2 na mmwulize: wachezaji wana umri na uzito gani, wamefanya mazoezi ya kukaba kwa muda gani, nani mwamuzi, uwanja una urefu gani, kituo cha afya kiko umbali gani. Majibu yakiwa hafifu, msifute ziara. Badilini mchezo: chezeni raga ya kugusa, ambapo mguso wa mikono miwili unachukua nafasi ya kukaba, na asubuhi yake kocha wenu awafundishe wenyeji kuanguka na kupasi. Waachieni mpira mmoja mkiweza. Mwakani mtakuwa na mpinzani wa kweli, na mkoa wa Tshopo utakuwa na timu moja zaidi.

Adabu nayo ni sehemu ya maandalizi. Mwamuzi huongea na kapteni peke yake. Mtoto amsalimie kila Papa na Mama wa nyumba aliyofikia, afue jezi yake, aondoke chumba kikiwa safi. Ziara isipangwe karibu na mitihani, hasa kwa wanaosubiri Mtihani wa Taifa.

Mkutano wa uamuzi

Siku saba kabla ya kuondoka, prefe, kocha, mlezi na wawakilishi wa wazazi wakae pamoja na kujibu kwa ndiyo au hapana:

- Kila mchezaji amemaliza hatua zote za kukaba na kuanguka?
- Kila mchezaji ameonwa na mganga, na wazazi wamesaini?
- Chombo, njia na malazi vimethibitishwa, na majile yapo?
- Fedha ya kurudi ipo na imetengwa?
- Mpinzani na mwamuzi wako tayari kwa mchezo tuliokubaliana?

Hapana moja ikitokea, irekebishwe ndani ya siku hizo. Isiporekebishika, ziara iahirishwe hadi likizo inayofuata, na wachezaji waelezwe sababu waziwazi. Watanung'unika, nao wana haki ya kusikitika. Lakini mazoezi waliyoyafanya hayapotei, na majuma yatakayoongezeka yatawakuta na nguvu zaidi. Shule inayotaka kusafiri likizo ijayo na ianze juma hili: iandike majina ya wachezaji, iwaite wazazi wao, na ichague uwanja wa kujifunzia kuanguka.